F. M. Alexander: mghani wa Tasmania aliyeuliza kwa nini mwili hujikaza

Frederick Matthias Alexander alifariki dunia mjini London tarehe 10 Oktoba 1955, akiwa na umri wa miaka 86. Hakuwa mcheza ngoma wala daktari, na hakupata kusoma chuo kikuu. Hata hivyo, hadi leo vyuo vya muziki, vya maigizo na vya dansi katika nchi nyingi vinafundisha mbinu inayoitwa kwa jina lake. Vijana wengi wanaofundishwa kuuacha mwili ulegee kabla ya kuunyoosha wanafuata, wajue wasijue, njia ambayo mtu huyu aliianza peke yake mbele ya kioo huko Australia katika miaka ya mwisho ya karne ya 19.

Maisha yake yanawahusu wasikilizaji wetu kwa sababu iliyo karibu na nyumbani. Familia nyingi zenye asili ya mwambao wa Kisimayu na visiwa vya Wabajuni, vikiwemo Koyama, Chovai, Chula na Darakasi, zilitawanyika baada ya dola ya Somalia kuanguka mwaka 1991. Wengi walikimbilia Kenya, na baadhi yao wakaendelea hadi Ulaya na kwingineko. Walichoweza kubeba kilikuwa kichache, na ngoma ilikuwa miongoni mwake: kirumbizi cha wanaume wenye fimbo, vugo la wanawake linalopigwa kwa pembe, na chakacha ya arusini. Watoto wao wanaokulia ugenini huzicheza ngoma hizo panapokuwa na harusi, na wapo pia walioingia katika madarasa ya baleti, hip hop na dansi ya kisasa. Humo hukutana na kipimo ambacho bibi zao hawakuwekewa, yaani uwezo wa kupiga msamba. Kijana wa miaka 13 anayeona wenzake wanafika chini naye hafiki, njia anayoiona mbele yake ni kuuvuta mguu kwa nguvu mpaka machozi yamtoke.

Alexander alitumia zaidi ya miaka 60 kufundisha kinyume cha hayo. Kwa maoni yake, sehemu kubwa ya ugumu tunaouona katika viungo ni kazi ambayo sisi wenyewe tunaifanya bila kujua. Anayejikaza hawezi kuuondoa mkazo kwa kujikaza zaidi. Inambidi kwanza atambue anachokifanya, kisha akiache.

Mtoto njiti wa Wynyard

Alizaliwa tarehe 20 Januari 1869 karibu na Wynyard, mji mdogo wa pwani ya kaskazini ya kisiwa cha Tasmania. Baba yake, John, alikuwa mhunzi, na mama yake, Betsy, alikuwa mkunga na muuguzi wa watu wa jirani. Frederick alikuwa kifungua mimba, naye alizaliwa kabla ya miezi kutimia. Alikuwa mtoto wa kifua kibovu, aliyeugua mara kwa mara na kupata shida ya kupumua. Kwa kuwa hakuweza kuhudhuria shule kama wenzake, mwalimu wa kijiji alikubali kumfundisha nyakati za jioni. Mwalimu huyo ndiye aliyemfungulia mlango wa tamthilia za Shakespeare, na mapenzi hayo hayakumtoka tena.

Hali ya familia haikuwa nzuri. Alipokaribia miaka 17 alikwenda Waratah, ndani ya milima ya Tasmania, kufanya kazi ya ukarani katika kampuni ya kuchimba madini ya bati ya Mount Bischoff. Mchana aliandika hesabu, na usiku alijifunza fidla na kuigiza pamoja na watu waliofanya hivyo kwa kujifurahisha. Aliweka akiba kwa miaka mitatu, kisha mwaka 1889, akiwa na miaka 20, akavuka bahari kwenda Melbourne. Akiba hiyo ilimwishia kwa miezi michache tu katika kumbi za maigizo, za muziki na za picha. Baada ya hapo alirudi kwenye ukarani wa hapa na pale, lakini alikuwa ameshaamua kwamba riziki yake ataitafuta jukwaani.

Sauti iliyopotea

Kazi aliyoichagua ilikuwa ya kughani. Zama hizo, kabla ya redio na sinema, watu walilipa kiingilio ili kumsikiliza mtu mmoja akighani mashairi na vipande vya tamthilia kwa kichwa, bila kipaza sauti, katika ukumbi uliojaa. Msikilizaji aliyewahi kukaa mbele ya mghani wa tenzi, au kusikia wakulima wa Kibajuni wakiimba vave kabla ya kuchoma msitu wa shamba, hahitaji kuelezwa sana uzito wa kazi hiyo. Sauti ikikatika, hakuna kilichobaki.

Ya Alexander ilianza kukatika. Alipata ukavu wa koo na uchakacho, na wasikilizaji wakaanza kusikia jinsi anavyovuta pumzi kwa kishindo kupitia mdomoni. Madaktari na walimu wa sauti walimtibu kwa dawa na mazoezi bila mafanikio ya kudumu. Hatimaye, kabla ya onyesho moja muhimu, daktari alimshauri asitumie sauti yake kwa majuma mawili, asighani wala asizungumze ila kwa lazima. Alitii. Siku ya onyesho alipanda jukwaani akiwa na sauti safi, lakini kabla hajafika nusu ya programu uchakacho ulirudi, na mwishoni alishindwa karibu kabisa kusema.

Wengi wangeiacha kazi siku hiyo. Yeye alirudi kwa daktari na hoja iliyokuja kuyatawala maisha yake yote. Ikiwa koo lilikuwa zima alipoanza na limeharibika alipomaliza, basi kuna jambo alilolifanya mwenyewe wakati wa kughani. Daktari alikubali kuwa lazima iwe hivyo, lakini hakuweza kumwambia ni jambo gani. Alexander aliondoka akiwa ameazimia kulitafuta.

Mbele ya vioo

Alisimama mbele ya kioo akajitazama akizungumza kama kawaida, kisha akighani. Alipoghani aliona mambo matatu yakitokea kwa pamoja: kichwa kilivutwa nyuma kuelekea mgongoni, koromeo likakandamizwa chini, na pumzi ikavutwa kwa mdomo. Alipotazama kwa makini zaidi aligundua kuwa hata katika mazungumzo ya kawaida mambo hayo yalikuwepo, ila kwa kiasi kidogo.

Halafu aliona kwamba tatizo halikuishia shingoni. Kichwa kiliporudi nyuma, kifua kiliinuka, mgongo ukabana na kuwa mfupi, na miguu ikakakamaa hadi vidole vikawa vinaishika sakafu. Kumbe alikuwa amefundishwa hivyo. Mwalimu mmoja wa jukwaani alimwelekeza aishike sakafu kwa nyayo zake ili asimame imara, naye akatii kwa kujikaza. Mkazo wa unyayo na mkazo wa koo ulikuwa kitu kimoja.

Kwa mantiki ya kawaida, dawa ilikuwa kukipeleka kichwa mbele. Alifanya hivyo, akahisi kwamba amefanikiwa. Lakini alipoongeza vioo viwili, kimoja kila upande, ili ajione kwa ubavuni, alipigwa na butwaa. Wakati ule ule alipohisi kuwa anakipeleka kichwa mbele na juu, kwa kweli alikuwa akikivuta nyuma zaidi ya awali. Hisia zake zilimdanganya. Mazoea ya miaka mingi yalikuwa yameifanya hali iliyopotoka ionekane kuwa ndiyo sawa, na hali iliyo sawa ionekane kuwa si ya kawaida.

Huu ndio ugunduzi mkubwa wa maisha yake, na ndio unaomgusa mcheza dansi moja kwa moja. Mtu anayejirekebisha kwa kufuata hisia peke yake anaweza kuzidisha kosa huku akiamini kwamba analiondoa.

Njia aliyoipata ilikuwa ya polepole sana. Alijizoeza kupokea wazo la kusema kisha akatae kulitekeleza papo hapo. Katika nafasi hiyo ndogo kati ya wazo na tendo, alijielekeza kimyakimya kuiacha shingo iwe huru, kichwa kielekee mbele na juu, na mgongo urefuke na kupanuka. Wakati mwingine baada ya maelekezo hayo alisema neno, wakati mwingine aliinua mkono badala yake, na wakati mwingine hakufanya lolote. Alichokuwa akikivunja ni ule mnyororo wa mazoea ambao ulimkaza kabla hata hajaanza. Baada ya miezi mingi ya kazi hiyo sauti yake ilirudi, na matatizo ya kupumua yaliyomsumbua tangu utotoni yakapungua.

Kutoka Melbourne hadi London

Waigizaji na waghani wenzake walitaka kujua siri yake. Katikati ya miaka ya 1890 alikuwa akifundisha Melbourne, akisaidiwa na mdogo wake Albert Redden. Alipojaribu kueleza kwa maneno, wanafunzi walifanya kama alivyofanya yeye mwanzoni: walisikia maelekezo, wakajikaza ili kuyatii. Ndipo akaanza kutumia mikono, akiigusa shingo na mgongo wa mwanafunzi kwa wepesi ili mwili uonje hali ambayo maneno hayawezi kuifikisha. Mguso huo umebaki kuwa alama ya mbinu yake.

Baadaye alihamia Sydney, ambako daktari mpasuaji aliyevutiwa na kazi yake alimhimiza aende London. Nauli hakuwa nayo. Alexander alipenda farasi tangu utotoni, na inasimuliwa kuwa fedha za safari zilitokana na ushindi mkubwa wa kamari ya mbio za farasi. Mwaka 1904 alipanda meli, na hakurudi tena Australia.

London ilimpokea kwanza kupitia majukwaa, ambako waigizaji mashuhuri wa zama hizo, akiwemo Henry Irving, walikwenda kwake. Mwaka 1910 alichapisha kitabu chake cha kwanza, na kikafuatiwa na vingine vitatu mwaka 1923, 1932 na 1941. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alianza kufundisha pia New York, ambako mwanafalsafa wa elimu John Dewey akawa mwanafunzi na mtetezi wake. Baadaye walimjia waandishi Aldous Huxley na George Bernard Shaw, pamoja na mwanasiasa Stafford Cripps. Mwaka 1931 alifungua kozi ya kuwaandaa walimu katika nyumba yake ya Ashley Place, mtaa wa Westminster.

Watoto, shule na kesi ya Johannesburg

Jambo lisilotajwa sana ni kwamba watoto walimshughulisha kuliko watu mashuhuri. Aliona kuwa mtoto mdogo husimama, huchuchumaa na kuinama kwa wepesi ambao mtu mzima ameupoteza, na akajiuliza wepesi huo unapotelea wapi. Mashaka yake yaliangukia, pamoja na mambo mengine, namna shule za zama hizo zilivyofundisha mazoezi ya viungo: watoto kwenye mistari, vifua mbele, mabega nyuma, magoti yamekazwa, na amri za mwalimu kama za kijeshi. Kwa maoni yake, mtoto ambaye tayari anajikaza vibaya akipewa mazoezi zaidi atajikaza vibaya zaidi.

Kuanzia mwaka 1924 palikuwa na shule ndogo chini ya uangalizi wake, ambamo mwalimu Irene Tasker aliwafundisha watoto masomo ya kawaida huku wakizingatia jinsi wanavyokaa, wanavyoandika na wanavyosimama. Mwaka 1934 shule hiyo ilihamia Penhill, huko Bexley, nje kidogo ya London, na vita vilipopamba moto mwaka 1940 Alexander aliwahamishia watoto jimbo la Massachusetts nchini Marekani. Alirejea Uingereza mwaka 1943.

Tasker naye alikuwa amehamia Afrika Kusini mwaka 1935 na kuanza kufundisha Johannesburg. Miongoni mwa waliovutiwa huko alikuwemo Raymond Dart, mtaalamu wa anatomia aliyelitangazia dunia fuvu la kale la mtoto wa Taung. Lakini mbinu hiyo ilipopata wafuasi, ilipata pia wapinzani. Mwaka 1944 Ernst Jokl, daktari aliyesimamia masuala ya elimu ya viungo katika serikali ya Afrika Kusini, alichapisha makala makali yaliyomweka Alexander katika kundi la matapeli wa tiba. Alexander alifungua kesi ya kashfa.

Shauri lilisikilizwa Johannesburg mwaka 1948. Upande wa utetezi uliwaleta wanasayansi wakubwa, wakiwemo Henry Dale na Edgar Adrian, wote wawili washindi wa Tuzo ya Nobel, ambao hawakuona msingi wa kisayansi katika nadharia zake. Upande wa pili wanafunzi wake walieleza walivyofaidika. Alexander mwenyewe hakuweza kusafiri, kwani mwishoni mwa mwaka 1947, akiwa na miaka 78, alipata kiharusi. Mahakama ilimpa ushindi na fidia ya pauni 1,000, na rufaa ya mwaka 1949 haikuubatilisha. Hukumu hiyo haikuigeuza mbinu yake kuwa sayansi. Ilisema kwamba tuhuma ya utapeli haikuthibitishwa. Kuhusu kiharusi, alipata nafuu kiasi cha kuwashangaza waliomzunguka, akaendelea kufundisha karibu hadi siku za mwisho za uhai wake.

Mbinu yaingia katika dansi

Alexander alianza na sauti, na hakuandika mwongozo wa dansi. Wacheza dansi ndio waliomfuata, na wengi walimjia kwa njia ya maumivu. Mfano mzuri ni Joan Skinner wa Marekani, aliyecheza katika makundi ya Martha Graham na Merce Cunningham. Baada ya kuumia uti wa mgongo alijifunza Mbinu ya Alexander, kisha katika miaka ya 1960 akaanzisha mafunzo yake mwenyewe ya dansi yaliyojengwa juu ya wazo la kuachia. Katika miaka ya 1970 mwanafalsafa Thomas Hanna alizipa jina la somatiki mbinu za aina hii, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mwili, yaani mwili kama anavyouhisi mwenyewe kutoka ndani. Alexander anahesabiwa miongoni mwa wazee wa ukoo huo. Nikolaas Tinbergen, alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1973, alitumia sehemu ya hotuba yake kumsifu.

Katika darasa la dansi mbinu hii inaonekana kama kutofanya kitu. Mwanafunzi hulala chali juu ya sakafu, magoti yameinuliwa, nyayo zimekanyaga chini na vitabu viwili vitatu viko chini ya kichwa. Hukaa hivyo kwa dakika kumi au zaidi huku akiangalia ni wapi amejishika: taya, mabega, tumbo, nyonga. Kisha huinua mguu taratibu, na mara anapohisi shingo inaanza kubana, husimama hapo. Hasukumi mbele. Anasubiri, anaachia, halafu anaanza upya.

Viungo vya kijana anayekua

Je, hilo linaleta wepesi wa viungo? Jibu linategemea ugumu umetoka wapi, na kwa kijana ugumu una vyanzo zaidi ya kimoja.

Cha kwanza ni mfupa wenyewe. Umbo la nyonga hutofautiana kati ya mtu na mtu, na hakuna zoezi linaloweza kulibadilisha. Kijana ambaye nyonga yake haimruhusu kugeuza mguu nje kikamilifu hana kosa, na kumlazimisha ni kumuumiza.

Cha pili ni ukuaji. Wasichana hurefuka kwa kasi zaidi wakiwa na umri wa miaka 11 au 12, na wavulana wakiwa na miaka 13 au 14. Katika kipindi hicho mifupa mirefu inaweza kuitangulia misuli, na kijana aliyekuwa mwepesi jana akajikuta mgumu leo. Ncha za mifupa yake bado zina sehemu laini za kukulia, na misuli mikubwa imejishika hapo. Ndiyo maana kunyoosha kwa nguvu, hasa kupiga msamba huku mtu mwingine akimkandamiza, kunaweza kung'oa kipande cha mfupa wa kukalia pale misuli ya nyuma ya paja ilipofungika. Jeraha hili linajulikana miongoni mwa vijana wacheza dansi na wa jimnastiki.

Cha tatu ni ulinzi wa mwili. Utafiti wa kunyoosha viungo umeonyesha kwamba mtu anapoongeza upeo wake baada ya majuma kadhaa ya mazoezi, mara nyingi misuli haijarefuka sana. Kilichobadilika ni kiasi cha mvuto ambacho mfumo wa fahamu unakubali kukivumilia. Kwa maneno mengine, mpaka tunaoufikia mara nyingi umewekwa na ubongo, ambao hukaza msuli pale unapohisi hatari. Kijana anayevutwa kwa nguvu huku amezuia pumzi anaupa ubongo wake sababu ya kukaza zaidi.

Ni katika chanzo hiki cha tatu ndipo kazi ya Alexander ina nafasi yake. Mwaka 2011 watafiti walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba walimu wa mbinu hii walikuwa na ukakamavu mdogo zaidi wa kiwiliwili na nyonga kuliko watu waliolinganishwa nao, na kwamba watu wenye maumivu ya mgongo waliopewa masomo walielekea huko huko. Kabla ya hapo, mwaka 2008, jarida la madaktari wa Uingereza lilichapisha jaribio la wagonjwa 579 wenye maumivu sugu ya mgongo. Waliopata masomo 24 waliripoti, baada ya mwaka mmoja, siku 3 za maumivu katika majuma manne, ilhali waliopata huduma ya kawaida waliripoti siku 21. Hao walikuwa watu wazima, na walipimwa mgongo, hawakupimwa msamba. Mzazi asitarajie kwamba binti yake atalala sakafuni kwa mwezi mmoja kisha anyanyuke akiwa nyota wa baleti. Anachoweza kutarajia ni kijana anayejua tofauti kati ya mvuto na maumivu, anayepumua anapocheza, na asiyepoteza nguvu zake kwa kupigana na mwili wake mwenyewe.

Somo la vioo linamhusu kijana kuliko mtu yeyote. Mwili wake unabadilika haraka kuliko anavyoweza kuuzoea. Mkono ni mrefu kuliko alivyodhani na goti haliko pale lilipokuwa mwaka jana. Hisia zake za mahali viungo vilipo hazina budi kupotoka kidogo. Huo ndio wakati wa kupunguza kuvuta na kuongeza kutazama.

Doa katika vitabu vyake

Msomaji wa asili ya Kiafrika anayekifungua kitabu cha kwanza cha Alexander atakutana na kurasa zinazochukiza. Kama waandishi wengi wa Ulaya wa wakati wake, aliwaita watu wa mabara mengine washenzi, akawaweka chini ya Wazungu katika ngazi ya maendeleo ya binadamu, na akaona kuwa wanaongozwa na silika bila kutumia akili. Katika miaka ya karibuni walimu wa mbinu hii wameanza kulikiri jambo hilo waziwazi.

Ubaya wa maneno hayo unaongezeka tukitazama kile ambacho hakukiona. Katika mwambao wetu, muda mrefu kabla ya vioo vya Melbourne, wanawake waliwafundisha wasichana chakacha kwa jicho, kwa mguso na kwa subira. Kiuno huzunguka, ilhali kichwa na mabega hutulia, na anayekakamaa shingo hurudishwa mwanzo. Mafundi waliounda mitepe waliishona mbao kwa kamba za makumbi bila msumari, wakijua kuwa chombo kinachokubali kunyumbuka hustahimili mawimbi na kukwama mchangani. Maarifa hayo yalifikiriwa, yakajaribiwa na kurithishwa. Hayakuwa silika.

Kumtazama Alexander kwa haki ni kuyashika yote mawili. Aliuchunguza mwili wake kwa uaminifu wa nadra, na akashindwa kuutumia uaminifu huo alipowatazama watu wengine. Yeye aliyefundisha kwamba tunachohisi kuwa ni kweli kinaweza kuwa mazoea tu, hakukishuku alichozoea kuhusu Waafrika.

Aliyoyaacha

Leo Mbinu ya Alexander inafundishwa katika vyuo kama Royal College of Music cha London na Juilliard cha New York, na vyama vya walimu wake vimeenea katika mabara kadhaa. Wynyard, alikozaliwa mtoto yule asiyetarajiwa kuishi, inamkumbuka kama mwana wake.

Kwa familia zenye vijana wanaocheza, urithi wake unaweza kutumika bila ada wala safari. Kijana asinyooshwe na mtu mwingine kwa nguvu. Anaporefuka ghafla, apunguziwe mazoezi ya kuvuta kwa miezi kadhaa bila kuonekana mvivu. Maumivu makali chini ya kalio au kwenye nyonga, hasa yaliyoanza kwa mlio, yapelekwe kwa daktari na yasichuliwe nyumbani. Na kabla ya kuanza zoezi lolote, alale chali kwa dakika chache, magoti juu, akijiuliza ni wapi amejishika. Mama au bibi aliyecheza vugo na chakacha katika ujana wake anaweza kuketi kando akamtazama, kwani jicho lake limezoea kazi hiyo.